Chaji Zinazonaswa Katika Gesi Adimu Zilizogandishwa: Kutambua Dalili na Chanzo Chake

Mwongozo huu unawahusu wanafunzi wa uzamili na mafundi wa maabara wanaogandisha arigoni, kriptoni, zenoni au neoni, kisha wakakuta kwamba sampuli inashikilia chaji za umeme wasipotaka, au inaziachia walipotaka iendelee kuzishikilia. Sisi tunaifanya kazi hii Kampala, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na karibu na ziwa, na sehemu kubwa ya niliyoyaandika humu nimeyajua kwa kukosea kwanza.

Swali la kuuliza kabla ya kufungua boliti

Sampuli ikikusumbua, usianze na pampu wala nyaya. Uliza kwanza kilichonaswa ni elektroni au ni tundu. Tundu ni nafasi inayoachwa na elektroni iliyong'olewa kwenye atomi, nayo hujiendesha kama chembe yenye chaji chanya. Kuing'oa elektroni hiyo katika arigoni ngumu huhitaji nishati ya elektronivolti 14.2, katika kriptoni 11.6, katika zenoni 9.3, na katika neoni zaidi ya 21. Ndiyo maana tunatumia miale ya elektroni au mwanga wa urujuanimno wa mbali, wala si taa ya kawaida.

Viwili hivi vikishatengana, mwenendo wake haufanani. Tundu hujinasa lenyewe. Atomi mbili jirani husogeleana na kuigawana chaji chanya, zikawa ioni moja ya atomi mbili, na atomi zinazozizunguka zikajipanga upya kuifuata. Jambo hili hutokea hata katika fuwele safi isiyo na doa, kwa kuwa atomi za gesi adimu zimeshikana kwa nguvu hafifu sana na hazigomi kusogea. Tundu likishajinasa, husafiri kwa kurukaruka huku likiburuta mkunjo wake, kama mtu anayekatiza soko la Owino akiwa na godoro kichwani: anasonga, ila kila hatua sharti watu wampishe. Elektroni hupita kati ya atomi za arigoni, kriptoni na zenoni karibu bila kuguswa. Vipimo vilivyoanza kufanywa katika miaka ya 1960 vinaonyesha kwamba wepesi wa elektroni (kasi yake kwa kila kipimo cha uga wa umeme) katika arigoni ngumu, karibu na kiwango chake cha kuyeyuka, hufikia sentimita za mraba 1,000 hivi kwa kila volti kwa sekunde, ilhali wepesi wa tundu ni sehemu chache tu za mia za sentimita ya mraba. Katika sampuli ya unene wa milimita moja na uga mdogo wa umeme wa volti 100 kwa sentimita, elektroni huvuka kwa mikrosekunde moja au chache; tundu huchukua sehemu za mia za sekunde.

Elektroni, ili inaswe, huhitaji msaidizi. Msaidizi huyo anaweza kuwa molekuli ya oksijeni, ambayo hupenda elektroni ya ziada; anaweza kuwa nafasi tupu iliyokosa atomi, mpaka kati ya chembe mbili za fuwele, au kitundu kilichobaki wakati utando, yaani tabaka jembamba la gesi iliyogandishwa juu ya uso baridi, ulipokuwa ukijengeka. Katika arigoni na neoni atomi zenyewe huisukuma elektroni, hivyo popote penye uwazi huwa kimbilio lake. Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni ninayoitumia kila siku: lalamiko linalohusu tundu mara nyingi ni tabia ya gesi na hutaliondoa, na lalamiko linalohusu elektroni mara nyingi limetokana na mikono yako mwenyewe.

Elektroni hazifiki upande wa pili

Dalili hii huonekana katika chombo kilichofungwa chenye sahani mbili za umeme. Unapiga mpigo wa miale karibu na sahani hasi, unatarajia mkondo unaodumu hadi elektroni zifike sahani chanya, lakini mkondo unakatika njiani kama mshumaa uliopulizwa polepole. Kabla ya kulaumu kikuza-ishara, geuza mwelekeo wa uga ili yanayovuka yawe matundu. Ikiwa matundu yanavuka kwa wakati wake wa kawaida na elektroni pekee ndizo zinazopotea, umeme wako hauna kasoro; gesi ni chafu.

Wengi hawaamini uchafu kidogo kiasi hicho unaweza kuleta madhara, kwa hiyo tufanye hesabu. Arigoni ngumu ina atomi karibu 2.7 × 10²² katika kila sentimita ya ujazo. Uchafu wa sehemu moja kwa milioni, ambao kwenye cheti cha mtungi huonekana kama si kitu, ni mitego zaidi ya 2 × 10¹⁶ katika sentimita hiyo moja. Kwa kuwa mzizi wa tatu wa milioni ni mia, molekuli moja ya uchafu iko hatua mia hivi tu kutoka kwa jirani yake, ukihesabu atomi moja kuwa hatua moja. Si kila inapopita karibu na oksijeni hunaswa, la sivyo tusingepima chochote, lakini milimita moja ni hatua zaidi ya milioni mbili. Wanaojenga vitambuzi vikubwa vya arigoni kimiminika, wakifuata pendekezo la mwanafizikia Carlo Rubbia la mwaka 1977, hulazimika kuishusha oksijeni hadi chini ya sehemu moja kwa bilioni ili elektroni zisafiri mita nzima. Yabisi hudai usafi wa namna hiyohiyo.

Tuliwahi kupoteza wiki tatu kwa sababu ya mtungi wa arigoni ya kuchomelea, ile ambayo mafundi wa vyuma huitumia karakanani, ulioungwa kwenye mabomba yetu ya gesi wakati mtungi wa utafiti ulipokuwa umeisha. Usafi wake wa asilimia 99.99 unamtosha anayechomelea alumini; kwetu una maana ya sehemu mia za uchafu kwa milioni. Hata hivyo, mtungi safi haukuokoi ikiwa mabomba ni machafu. Katika mji wenye unyevunyevu kama wetu, kila unapofungua bomba la gesi hewani, ukuta wake wa ndani hujipaka maji ambayo pampu haiyang'oi kwa saa moja. Lipashe bomba moto usiku kucha huku pampu ikivuta, lijaze gesi na kulimwaga mara kadhaa, kisha ndipo ugandishe. Ikiwa kanieneo katika chemba yenye ombwe ni 10⁻⁶ tori (tori ni kizio cha kanieneo), kumbuka kwamba gesi iliyobaki inatosha kufunika uso wa sampuli kwa tabaka moja la molekuli ndani ya sekunde moja au zaidi kidogo. Utando unaojengwa polepole katika ombwe kama hilo unajengwa pamoja na mitego yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi ishara ni nzuri, adhuhuri imefifia

Hapa gesi inaweza kuwa safi kabisa. Kila mpigo huacha nyuma matundu yanayosafiri kwa kujikokota, pamoja na elektroni chache zilizonaswa, na chaji hizo zilizosimama hujenga uga wake wenyewe unaopingana na ule unaouweka wewe. Dalili ya kuthibitisha ni rahisi: zima uga wa nje kabisa, kisha piga mpigo mmoja. Ukiona mkondo unaelekea upande wa pili, uga wa ndani ndio unaousukuma. Punguza kasi ya mipigo, geuza mwelekeo wa uga baada ya kila mipigo michache, na baina ya vipimo piga mipigo ukiwa umeziunga sahani zote mbili na ardhi. Katika utando unaopigwa na bunduki ya elektroni, uso unaweza kujaa chaji hasi kiasi cha kuzirudisha nyuma elektroni mpya, na hapo utadhani bunduki imeharibika. Tulishawahi kuifungua bunduki nzima kwa sababu hiyo.

Umepasha joto lakini hakuna kilele kinachoonekana

Kipimo kinachotumika sana kwa tando nyembamba ni kuzipiga miale zikiwa karibu na kelvini 10 au chini yake, kuzima miale, kisha kupasha joto taratibu huku ukihesabu mwanga unaotoka na elektroni zinazoruka kutoka usoni. Kila mtego huachia elektroni yake kwenye halijoto inayolingana na kina chake, kwa hiyo unapata mchoro wenye vilele. Ikiwa mchoro ni bapa, mitego ilikuwa imeshamwagika kabla hujaanza.

Tafuta mwanga. Elektroni iliyonaswa haihitaji urujuanimno ili itoke. Mara nyingi mwanga unaoonekana kwa macho, hata mwekundu, hutosha. Mwanafunzi mmoja aliniita saa nane usiku akisema, "Mwalimu, sampuli imekufa." Nilipofika nilikuta chumba kiko gizani kama ilivyotakiwa, dirisha la kriostati, yaani chombo kinachoiweka sampuli kwenye baridi kali, limefunikwa kwa kitambaa cheusi, kila kitu sawasawa. Kisha nikainama nikachungulia kupitia kidirisha cha pembeni na kuona nuru ndogo ya rangi ya chungwa ikiakisiwa kwenye shaba ya kishikio cha sampuli. Ilikuwa waya wa geji ya ioni, yaani kipimo cha kanieneo ya ombwe, unaowaka kama balbu ndogo ndani ya chemba yenyewe, ukiimulika sampuli tangu jioni. Geji hiyo hutoa mwanga, na elektroni na ioni pia. Izime kabla ya kuanza kupiga miale na usiiwashe hadi upashaji joto umalizike, au iweke nyuma ya kona ambayo sampuli haiioni.

Sababu ya pili ni umeme kukatika. Jenereta ikichukua dakika mbili kuwaka, kipozeo cha heliamu nacho husimama dakika mbili, na katika halijoto za chini namna hii shaba huwa na uwezo mdogo sana wa kuhifadhi joto, kwa hiyo kelvini 10 hupanda upesi kuliko unavyodhani. Mitego ya kina kifupi humwagika yote, kipozeo kikirudi sampuli inapoa tena, na ukirejea chumbani hakuna kinachokuambia kilichotokea. Weka kipimajoto pamoja na kinasa kumbukumbu chake kwenye betri inayojitegemea. Kwetu betri hiyo imetuepusha na tafsiri nyingi potofu kuliko kifaa chochote cha bei kubwa.

Sababu ya tatu ni kuchagua kipozeo kisichofaa tangu mwanzo. Nitrojeni kimiminika inapatikana nchini, kwa kuwa ndiyo inayohifadhi mbegu za madume ya ng'ombe kwa ajili ya uhimilishaji, na katika mwinuko wa Kampala huchemka karibu na kelvini 76, kelvini moja hivi chini ya kiwango cha pwani. Arigoni huyeyuka kwenye kelvini 83.8, kriptoni 115.8 na zenoni 161.4, kwa hiyo nitrojeni huzigandisha zote tatu. Neoni, inayoyeyuka kwenye kelvini 24.6, haigandi kwa nitrojeni kamwe. Lakini kugandisha ni jambo moja na kuhifadhi chaji ni jingine. Kwenye kelvini 76 mvuke wa arigoni bado una takriban robo ya kanieneo ya hewa, hivyo hakuna utando utakaodumu katika ombwe, na mitego mingi ya elektroni katika arigoni haishikilii chochote kwenye joto hilo. Nitrojeni itumie kukuzia fuwele nene ndani ya chombo kilichofungwa, kwa vipimo vya kuvuka. Kwa tando za kupashwa joto tafuta heliamu.

Vilele vinahama kila siku

Mara nyingi mitego imebaki palepale na kilichohama ni kipimajoto. Kikiwa kimefungwa kwenye ncha ya kipozeo huku utando uko upande wa pili wa dirisha lililobanwa kwa boliti, kati yake pana tofauti ya halijoto inayokua kadiri unavyopasha kwa kasi. Pasha sampuli mbili zilizoandaliwa sawa kwa kasi mbili tofauti. Kilele cha kweli husogea juu kidogo kasi inapoongezeka, kwa kiasi kinachohesabika. Kikisogea mno, ongeza karatasi laini ya metali ya indiamu kwenye maungio, kisha urudie.

Baada ya hapo angalia halijoto ambayo utando uliwekwa. Arigoni inayopulizwa juu ya uso wa kelvini 8 huganda papo hapo atomi zinapotua, kwa hiyo hutengeneza utando wenye vichembe vidogo na mianya mingi. Ikipulizwa kwenye kelvini 25, atomi hupata nafasi ya kujipanga. Wanafunzi wawili wakitumia halijoto hizo mbili, kisha kila mmoja akaandika tu "arigoni ngumu" kwenye daftari, watabishana mwezi mzima. Kuna jaribio linalotenganisha mitego ya mpangilio na mitego ya uchafu: andaa utando, upashe hadi karibu na kelvini 30 bila miale, upoze, ndipo upige miale na kupima. Vilele vilivyopungua vilikuwa vya nafasi tupu na mipaka ya chembe, ambavyo joto limevirekebisha. Vilivyobaki vilevile, au vilivyoongezeka kwa sababu molekuli za uchafu zimesogea, vichunguze kwa upande wa gesi. Usivuke sana kelvini 30 katika ombwe, kwa sababu arigoni huanza kuondoka, na kilele unachokiona kuanzia kelvini 35 kwenda juu kinaweza kuwa utando wenyewe unaaga.

Mwanga upo, lakini ni wa kijani

Hili ndilo kosa ninaloliona likiandikwa hadi kwenye tasnifu. Sampuli inapashwa joto, inang'aa kijani kiasi cha kuonekana kwa macho, na mwandishi anahitimisha kwamba chaji zimeungana. Huenda zimeungana, huenda hazikuungana. Tundu la arigoni lililojinasa linapokutana na elektroni huzaa jozi ya atomi iliyosisimka, na jozi hiyo hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 127 hivi, ambao jicho haliuoni kabisa. Katika kriptoni ni kama 147 na katika zenoni kama 172. Mwanga wa kijani karibu na nanomita 558 ni wa atomi ya oksijeni, na ule wa karibu na 522 ni wa atomi ya nitrojeni. Vyote viwili pamoja ni saini ya hewa: una mvujo.

Ugumu ni kwamba atomi za oksijeni na nitrojeni hunaswa pia, bila chaji yoyote, na joto likizifungua zikakutana hutoa mwanga wake zenyewe. Upande wa pili, chaji zinapoungana, nishati yake inaweza kuhamia kwenye atomi hizo na kuziangaza. Njia ya kutofautisha ni kupima elektroni zinazoruka usoni kwa wakati uleule mmoja na mwanga. Mikondo miwili ikipanda na kushuka pamoja, chaji ndizo zinazosafiri. Kijani kikiwaka huku kihesabio cha elektroni kimetulia, ni atomi zisizo na chaji zinazotembea.

Hakuna mwanga wa urujuanimno hata kidogo

Hapa tatizo kwa kawaida ni njia ya mwanga. Hewa humeza nanomita 127 yote, kwa hiyo hata sentimita chache za hewa kati ya dirisha na kitambuzi zinatosha kuuzima mwanga wa arigoni. Kioo cha kwatsi nacho huuzuia. Tumia magneziamu floridi au lithiamu floridi, na usilishike dirisha kwa vidole. Asiye na kitambuzi cha urujuanimno wa mbali apake sodiamu salisileti kwenye kioo cha kawaida ndani ya ombwe, nayo itaugeuza mwanga huo kuwa wa buluu.

Mstari usiotarajiwa kwenye infraredi

Baada ya kupiga miale arigoni, mstari mwembamba wa ufyonzaji unaweza kutokea kwenye 903.5 kwa sentimita (idadi ya mawimbi katika sentimita moja). Katika kriptoni uko karibu na 853 na katika zenoni karibu na 731. Chaji iliyonaswa hapo ni protoni, ambayo imekaa katikati ya atomi mbili za gesi adimu na kuzifunga pamoja. Bondybey na Pimentel walipoueleza mwaka 1972 katika arigoni na kriptoni waliusoma kama atomi ya hidrojeni isiyo na chaji, na mwaka uliofuata Milligan na Jacox wakauhusisha na chaji chanya, kwa hiyo usijilaumu ukikosea pia. Mstari huo ukionekana, mahali fulani ndani ya sampuli pana elektroni zilizonaswa zinazosawazisha chaji, na hidrojeni imetoka kwenye kitu ulichokiingiza: angalia mistari ya maji karibu na 1,600 na 3,700 kwa sentimita, nawe utajua kama ni bomba lililokosa kupashwa moto.

Zenoni haitoi elektroni

Ukifananisha zenoni na arigoni na kuona kihesabio cha elektroni karibu kimya, usitafute kasoro. Katika arigoni na neoni, elektroni iliyo huru ndani ya yabisi ina nishati kubwa kuliko iliyo nje katika ombwe, hivyo ikifika usoni hutoka bila kuombwa. Katika zenoni ni kinyume, kwa takriban nusu elektronivolti; elektroni hufika mlangoni ikarudi ndani. Pima zenoni kwa mwanga. Tabia hiyo ya kusukuma nje ndiyo inayofanya uso wa neoni ngumu uweze kubeba elektroni zikielea juu yake, na mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba elektroni moja moja juu ya neoni inaweza kutumika kama biti ya kikwantamu, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa katika kompyuta ya kikwantamu. Uso huo usipokuwa laini, vilima na mabonde yake hugeuka kuwa mitego ya chaji, kwa hiyo ukaguzi wa halijoto ya kuweka utando niliouelezea juu unahusika na hapo pia.

Kanieneo inaruka ghafla wakati wa kupasha

Ukiwa na kipimo cha kanieneo kisichotoa mwanga, unaweza kuona miruko midogo ikiambatana na milipuko ya elektroni hata chini ya kelvini 20, wakati mvuke wa arigoni bado hauna uzito wowote. Jozi ya atomi iliyosisimka ikishatoa mwanga wake, atomi zake mbili husukumana kwa nguvu, na zilizo usoni hurushwa nje. Kadiri chaji zilivyolimbikizwa nyingi, ndivyo miruko inavyokuwa mikubwa, na katika utando mnene inaweza kubandua vipande vizima. Punguza muda wa miale kwa nusu na urudie kipimo. Miruko ikipungua ilhali vilele vya mwanga vimebaki mahali pake, endelea na muda huo mfupi. Isipopungua, pima unene wa utando, kwa sababu huenda unabanduka wenyewe kwenye shaba na wala chaji hazihusiki.